Fuko wa Nyuma ya Jiko

Jifunikeni, ndugu zangu, jifunikeni vizuri. Leo simkemei mtu kwa kuingia kanisani na blanketi. Hata mimi chini ya joho hili nimevaa sweta mbili, na mke wangu ni shahidi. Mzee Tweve pale nyuma namwona amejifunika mpaka pua. Mradi masikio yako nje, mzee wangu, Neno litapita. Kipupwe cha mwaka huu kimetukamata kweli, na najua kila aliyeketi hapa ana swali moja moyoni: baridi hii itaondoka lini? Tangu Jumatatu nimeulizwa hivyo na watu kumi na mmoja, utadhani mchungaji ndiye anayelala na ufunguo wa baridi. Sina ufunguo. Ila nina kisa cha mama mmoja ambaye watu walidhani anao.

Mama huyo alikaa kwenye kilima kama hiki chetu, na chini ya kilima kulikuwa na bonde. Nanyi mnajua bonde lilivyo. Udongo wake mweusi, unyevu haukauki hata mwezi wa nane, wakati huku juu vumbi linatimka. Anayewahi kupanda viazi bondeni ndiye anayewahi kula. Lakini baridi nayo inapenda bonde. Hushuka huko jioni ikatulia kama maji kwenye bakuli. Ukipanda kabla kipupwe hakijaaga, miche ikishatoa vichwa, asubuhi moja inakuja sakitu, ule umande unaoganda ukawa mweupe juu ya majani, na jua likipanda kidogo tu miche yote imekuwa myeusi kana kwamba imemwagiwa maji yanayochemka. Mbegu imekwenda. Na mtu aliyepoteza mbegu hana hata cha kuombea mvua.

Kwa hiyo watu wa kilima kile walikuwa na ishara tatu za kuaga kwa kipupwe, walizoachiwa na babu zao, na walizishika kama mafiga: moja likikosekana, chungu hakikai. Ishara ya kwanza, mfyulisi utoe maua. Ya pili, ukungu wa mtoni alfajiri uwe mwembamba mpaka mtu aone mawe ya ng'ambo. Ya tatu, na hiyo ndiyo iliyokuwa kubwa, fuko apande juu. Baridi ikikaza fuko huzama chini sana, usimsikie. Udongo ukianza kupata joto hupanda tena, akasukuma kifusi kipya. Basi palikuwa na mtu mmoja aliyepewa kazi ya kupiga magoti mbele ya kifusi hicho na kutia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko. Mkono ukiuma kwa baridi, alirudi nyumbani kimya. Ukipata joto, alisema, "Fuko ameamka," akachukua jembe. Na hakuna aliyethubutu kupanda bondeni kabla jembe la mtia mkono halijagusa udongo.

Naona wengine mnacheka. Msicheke. Wazee wale hawakuwa wajinga. Udongo una tabia zake, na mtu aliyeuangalia kwa miaka sitini anajua jambo ambalo redio haijui. Hata hapa kuna mzee wa kanisa, simtaji, ambaye wiki iliyopita nilimkuta anauhesabia mfyulisi wangu maua.

Sasa fuko aliishi wapi? Zamani kila mwenye shamba bondeni aliacha kipande cha chini kabisa, hatua kumi kwa upana, kisichoguswa na jembe. Hicho kiliitwa kipande cha fuko. Hakikuzaa chochote. Kazi yake ilikuwa kumpa fuko mahali pa kusema kweli, palepale ambapo baridi inakaa. Mtia mkono alishuka huko alfajiri, mteremko wote ule, akajua.

Lakini mwaka mmoja mtu fulani aliongeza tuta moja. Tuta moja tu! Nani atamnyima mwenzake tuta moja? Mwaka uliofuata jirani yake naye akaongeza. Mtoto akaoa, akahitaji shamba, akapewa matuta mawili upande wa chini. Miaka ikapita, na siku moja watu wakaangalia bondeni wakakuta jembe limefika mpaka kwenye maji. Kipande cha fuko hakipo. Kila mtu alikuwa amekula kidogo, kwa hiyo hakuna aliyekula.

Fuko akahama. Kwenye kilima kile kizima, ardhi isiyolimwa ilikuwa imebaki mahali pamoja tu: nyuma ya jiko la huyu mama, penye mawe mawe, chini ya mfyulisi mmoja mkongwe. Huko ndiko akaanza kusukuma vifusi vyake. Na je, watu walihuzunika? Hata kidogo. Walifurahi! Walisema fuko ametuhurumia, amesogea karibu. Mama mwenyewe, ambaye alikuwa mtia mkono tangu baba yake alipofariki, alishukuru kuliko wote, maana magoti yake yalishachoka na ule mteremko. Sasa alikuwa anafungua mlango wa jiko, hatua saba, amefika.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka ule wa baridi.

Mama alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Alikuwa na mama mkwe wake ndani, bibi kizee ambaye macho yalishaondoka, na ambaye kila kipupwe miguu ilimvimba. Kila jioni mama alichemsha maji, akatia chumvi na majani, akapiga sabuni, akamkanda bibi miguu mpaka ikalainika. Hakulalamika hata siku moja. Kina mama, mnajua ni mikono mingapi inayomkanda mama mkwe bila mdomo kusema neno. Alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema ili msije mkamtupia mawe mwishoni.

Unga ulikuwa unaisha. Debe lilishaanza kutoa ile sauti ya kukwangua, na mama alikwangua taratibu watoto wasisikie. Juu ya dari ya jiko, kwenye joto la moshi, kulikuwa na viroba vitatu vya mbegu za viazi, na mbegu zilikuwa zimeshatoa machipukizi marefu kama vidole. Kila alipopika alizitazama. Alijua kwamba zikipandwa leo, watoto watakula mwezi wa kumi na moja. Alijua pia kwamba zikipandwa leo na sakitu ikaja, watoto hawatakula. Akawa analala na hesabu hiyo na kuamka nayo.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, alikuwa na shamba kubwa kuliko wote bondeni. Kila asubuhi alipita.

"Shemeji, hodi. Fuko anasemaje?"

"Bado kimya, shemeji."

"Mwaka jana siku kama hizi tulishamaliza kufukia."

"Mwaka jana hapakuwa na baridi hii."

Shemeji akatoa kiazi mfukoni, akamwonyesha machipukizi yake. "Tazama. Wiki mbili nyingine hizi ni kamba, si mbegu. Watu wananiuliza mimi, wanasema wewe ndiye shemeji yake, kamuulize. Sikwambii useme uongo, shemeji. Nakwambia uangalie vizuri."

Mmelisikia neno hilo? Shetani hana haja ya kumwambia mkristo sema uongo. Mkristo atakataa, atakemea, atafunga siku tatu. Humwambia tu: angalia vizuri.

Basi mama akaanza kuangalia vizuri. Akaangalia asubuhi, akaangalia mchana, akaangalia tena jioni alipotoka kumwaga maji. Na asubuhi ya siku ya nne, akiwa na njaa, maana alikuwa amewaachia watoto sahani yake, alifungua mlango wa jiko akakuta kifusi. Kipya. Udongo mweusi, mbichi, ambao usiku uliopita haukuwepo.

Akapiga magoti. Akakunja kitenge, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho kama alivyomwona baba yake akifanya. Akasubiri baridi iume.

Haikuuma. Udongo ulikuwa na joto.

Machozi yakamtoka palepale, nawaambieni, mama mzima mwenye watoto wanne akilia juu ya fuko. Akauchomoa mkono, akaupeleka usoni kufuta machozi. Na mkono ulikuwa unanukia sabuni.

Akanusa tena. Kisha akaufuta mkono kwenye kitenge, upande huu na upande huu, akainuka.

Likumbukeni hilo la sabuni. Tutalirudia.

Akainua macho kwenye mfyulisi. Tawi moja, lile linaloegemea ukuta wa jiko pale moshi unapotokea, lilikuwa na maua saba. Matawi mengine yalikuwa makavu kama kuni. Lakini maua ni maua, sivyo? Ishara mbili. Ilibaki ya mtoni, na kwa hiyo ilibidi mtu ashuke bondeni. Mama akaangalia ule mteremko, akaangalia magoti yake. Shemeji, aliyekuwa amepita kama kila asubuhi, akasema, "Kaa, nitakwenda mimi." Akashuka, akarudi anahema.

"Ukungu upo?" mama akamuuliza.

"Upo, lakini si ule wa juzi."

"Umeyaona mawe ya ng'ambo?"

"Niliona kama jiwe."

Kama jiwe! Nimebatiza watu, nimewafungisha ndoa, nimewazika, na sijawahi kusikia ushahidi wa namna hiyo ukikubaliwa mahali popote. Lakini ulikubaliwa. Mama akaingia ndani kuchukua jembe la baba yake lililochomekwa juu ya mlango. Bibi kizee alikuwa ameketi karibu na moto, akasikia chuma kikigusa ukuta.

"Unakwenda wapi na jembe, mwanangu?"

"Fuko ameamka, mama. Nimetia mkono."

"Umeshuka bondeni?"

"Mama, fuko haishi tena bondeni."

"Sikukuuliza anakoishi," bibi akasema.

Mama akaliweka jembe begani. Watu walikuwa wameshajaa uani. Akatoka, wakampigia vigelegele, na kabla jua halijakolea majembe mia yalikuwa yanashuka bondeni nyuma ya jembe lake.

Walipanda siku tano. Viroba vyake vitatu vyote viliingia ardhini; hakubakiza hata mbegu ya kumwonyesha mtoto. Shemeji alipanda mpaka kwenye ukingo wa maji. Wiki ya tatu miche ikatoa vichwa, bonde likawa la kijani, na watu wakawa wanampita mama wakimpa mkono. Hata waliokuwa na neno naye walimsalimia.

Kisha siku moja alasiri upepo ukaacha kuvuma.

Mnaijua hali hiyo, ndiyo inayoleta sakitu. Mchana kutwa upepo ulikuwa unapiga mabati, ghafla kimya. Moshi wa majiko ukawa unapanda wima bila kuyumba. Mbingu ikawa safi, bila hata kipande cha wingu cha kufunikia. Mama alikuwa anapeta maharage ya mwisho. Akainua kichwa, akaona ule moshi ulivyonyooka, na ungo ukamtoka mikononi.

Alikimbia kwenye mteremko ule ule uliokuwa unamshinda. Magoti hayakuuma. Akang'oa majani makavu kando ya njia, akaanza kuifunika miche yake kwa mikono. Waliomwona wakaelewa bila kuambiwa. Bonde likajaa watu wanaobeba nyasi, mablanketi, magunia, hata shuka za kulalia. Bwana mmoja alivua koti akalifunika tuta la viazi, akasimama na shati. Lakini bonde ni kubwa, ndugu zangu, na giza halimsubiri mtu. Wakafunika kama matuta kumi katika kila mia, wakapanda kilimani, kila mtu kwake.

Alfajiri bonde lilikuwa jeupe. Lilikuwa linang'aa, zuri hata kutazama. Watu walisimama juu wakiliangalia, na nadhani kila mmoja alikuwa anaomba kitu kimoja: jua lisitoke. Mmewahi kuomba hivyo? Jua likatoka. Likaugusa upande wa magharibi kwanza, likateremka polepole, na kila lilipogusa, weupe uliyeyuka na chini yake palikuwa peusi.

Mama hakushuka kuangalia. Alirudi nyumbani akafanya jambo ambalo mikono yake ilikuwa inalijua. Baridi ya usiku ule ilikuwa imeivimbisha miguu ya bibi vibaya sana. Akawasha moto, akachemsha maji, akatia chumvi na majani, akapiga sabuni, akapiga magoti akaanza kumkanda. Alikuwa analia bila sauti, na machozi yalikuwa yanaangukia kwenye beseni. Alipomaliza akalibeba beseni, akafungua mlango wa jiko, hatua saba, akamwaga. Mahali pale pale anapomwaga siku zote.

Mvuke ukapanda kutoka kwenye udongo.

Akasimama na beseni tupu. Maji yalikuwa yamekwenda taratibu kati ya mawe, yakakusanyika kwenye kishimo, yakazama. Na pembeni ya kishimo, palepale, kifusi kilikuwa kinatikisika. Fuko alikuwa anasukuma udongo. Leo! Asubuhi ya sakitu, bonde likiwa limekufa, fuko wa nyuma ya jiko alikuwa anapanda juu kwa furaha zake zote.

Ndipo ile harufu ya sabuni ikamrudia mkononi.

Kabla hajaketi chini alisikia sauti za wanaume. Walikuja na majembe na sululu, shemeji mbele, macho mekundu. Na mama akajua kwamba walikuwa hawajamjia yeye. Laiti wangemjia yeye.

"Yuko wapi huyo mnyama?" shemeji akasema. "Shemeji, pisha. Fuko ametudanganya. Tunamchimba leo mpaka tumtoe, yeye na kizazi chake."

"Muueni!" wakasema nyuma.

Jembe likainuka. Sasa mfikirieni mama huyu. Njia ilikuwa wazi mbele yake. Akisogea pembeni hatua moja tu, fuko anakufa, hasira inaisha, yeye anabaki mtia mkono, mjane anayehurumiwa, aliyedanganywa kama wengine. Kesho watampelekea unga. Nani angejua? Fuko angepeleka wapi malalamiko?

Mama akasimama juu ya kifusi.

"Mwacheni," akasema. "Fuko hakudanganya."

"Hakudanganya? Shuka bondeni ukaone!"

"Shemeji, njoo. Tia mkono."

Shemeji akasita. Watu wakamtazama. Akaweka jembe chini, akapiga magoti, akatia mkono wake kwenye udongo mpaka kwenye kiwiko, na uso wake ukabadilika.

"Una joto," akasema.

"Sasa nusa."

Akanusa. Akanusa tena. Watu waliokuwa nyuma waliona mabega yake yakishuka.

"Ni maji ya miguu ya mama yako," mama akasema. "Namkanda kila jioni, namwaga hapa. Fuko alisema kweli tupu, shemeji. Alisema jiko langu lina joto. Sisi ndio tuliomuuliza habari za bonde."

Mtu mmoja akasema kwa sauti ya kumtetea, "Lakini hukujua, mama. Hukujua."

Hapo ndipo, ndugu zangu, mama huyu alipofanya jambo ambalo mimi sina hakika ningeliweza. Angeweza kunyamaza. Neno lilikuwa tayari limeshasemwa kwa niaba yake. Alichotakiwa ni kuinamisha kichwa tu. Akasema, "Nilijua. Asubuhi ile mkono ulinukia sabuni. Niliunusa mara mbili. Nikaufuta kwenye kitenge, kwa sababu watoto walikuwa na njaa, na kwa sababu wote mlikuwa mnataka ufutwe."

Halafu kutoka mlangoni ikaja sauti ya bibi kizee, aliyekuwa amejikokota kwa miguu yake iliyokandwa, ameshika ukuta.

"Mwanangu," akamwambia shemeji, maana shemeji alikuwa mtoto wake wa kumzaa, "na kile kipande cha fuko kule bondeni, upande wa shamba letu, ambacho baba yako alikufa hajakigusa. Nani alikilima?"

Shemeji alikuwa bado amepiga magoti. Hakuinuka.

Mwaka ule walikula magimbi na mboga za porini, na wakapita vilima viwili kwenda kuomba mbegu kwa watu, mbegu ndogo ndogo kama gololi. Walipewa. Walizipanda mwezi wa tisa katikati, wamechelewa, wakavuna kidogo. Lakini kabla ya kufukia mbegu hata moja walishuka wote bondeni na kamba, na kila mmoja akapima hatua kumi kutoka majini, akachomeka fito. Watu walilia kuiacha ardhi ile, maana ilikuwa nzuri. Na mama akaendelea kutia mkono. Ninyi mnashangaa, lakini walimtaka yeye yeye. Walisema tunamtaka anayejua harufu.

Kisa kimeishia hapo. Sasa tuongee sisi.

Nani kati yetu hajawahi kusema, "Bwana amenionyesha"? Binti anampenda kijana, wazazi wanasita. Anaomba ishara, na kijana anapita njiani wakati anaomba. Ishara! Hasemi kwamba alikwenda kuombea kwenye dirisha linaloangalia njia. Mzee ana ugomvi na ndugu yake. Anaomba amani ya moyo kama ishara kwamba ana haki, na amani inakuja, kwa sababu ameacha kumtembelea ndugu yake miezi mitatu. Udongo una joto, kweli. Lakini nani aliyeupasha? Hatumwagi maji yale kwa ubaya. Wakati mwingine tunayamwaga kwa wema, kama mama yule, tukiwa tumechoka, tukiwa na njaa, tukiwa na watoto. Kisha tunapiga magoti palepale tulipomwaga, tunatia mkono, tunalia machozi ya shukrani.

Na kipande cha fuko je? Mungu aliacha katika maisha ya kila mmoja wetu mahali pasipolimwa, mahali ambapo neno lisilo la kwetu linaweza kutufikia. Rafiki anayetuambia tusiyoyapenda. Saa ya kukaa kimya. Adui ambaye huenda anasema kweli. Tumekula tuta moja, tukala la pili, na sasa sauti pekee tunayoisikia inatoka nyuma ya jiko letu. Halafu sakitu ikija, tunachukua majembe kwenda kumchimba fuko. Tunasema Mungu ametudanganya.

Msidhani nawasema ninyi. Mwezi uliopita nilimwandikia mkuu wa jimbo barua kuomba nihamishwe. Sikuwaambia. Niliandika kwamba Bwana amenionyesha kwa ishara tatu kuwa kazi yangu hapa imekwisha. Ya kwanza, kifua cha mtoto wangu. Ya pili, ndoto ambayo niliiota usiku uleule niliopata barua ya mwenzangu aliye pwani, akinisimulia anavyolala bila shuka. Ya tatu, mmoja wenu aliniambia, "Mchungaji, baridi hii hutaiweza," nikamshukuru kuliko nilivyowahi kumshukuru mtu aliyenitia moyo. Sikushuka bondeni hata mara moja. Sikumuuliza mgonjwa hata mmoja ninayemtembelea kama kazi yangu imekwisha. Barua hiyo hapa, ndani ya joho, bado sijaituma. Jana usiku niliinusa. Inanuka moshi wa jiko langu.

Itakaa hapa hapa mpaka nimeshuka. Nikikuta bonde nalo linasema niende, nitakwenda na mtaniombea. Lakini sitawadanganya tena kwa jina la fuko.

Na ninyi mlio na jambo la kuamua wiki hii, shamba, ndoa, ugomvi, safari, najua mmeshaona ishara. Basi msiseme amina kwanza. Kila mtu autoe mkono wake wa kuume nje ya blanketi. Mzee Tweve, na wewe. Uleteni karibu na uso, hivi, kila mtu wa kwake.

Nuseni.